Mkono wa Ndugu Yetu: Ni Sadaka ao Ni Deni?

 

Leo hatuandiki juu ya sikukuu wala juu ya kazi za kwaya. Wazee wametuomba sisi mashemasi tuandike juu ya neno moja lililotusumbua miezi mingi. Wengi wenu mmelizungumza njiani mkitoka ibadani, na wengine mmelizungumza kwa sauti kubwa kupita inavyofaa. Ni neno la mkono wa ndugu yetu.

Mnamjua. Ni mchimbaji, ni baba wa watoto, ni mwimbaji. Siku moja ndani ya karieri jiwe lilianguka likaponda mkono wake wa kuume. Wanganga walijaribu kuuokoa, lakini nyama ilikuwa imekwisha kuoza, wakaukata chini ya kiwiko. Alipopona alirudi kanisani. Kisha ibada ya Jumapili moja alitufuata nyuma ya kanisa, akatoa simu, akatuonyesha picha za mtu wa nchi ya mbali aliyekatika mikono yote miwili, na wanganga wakamshonea mikono ya mtu aliyekufa. Mtu yule alikuwa anashika kikombe na kunywa. Ndugu yetu akatuuliza: « Wababa, mambo haya ni kweli? Na kama ni kweli, Kanisa linaweza kunipeleka? »

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia angoje kidogo.

Habari ikatembea katika Kapata yote, na watu wakagawanyika. Wa kwanza walisema: tuchange feza, aende. Wa pili walisema: ni chukizo mtu kutembea na mkono wa maiti, maana siku ya ufufuo mwenyewe atauomba. Wa tatu walisema: anayetafuta mkono kwa wanganga amekosa imani, angoje maombi. Na wengine, tuseme ukweli, hata sisi mashemasi, tulikasirika juu ya jambo lingine. Tuliona ni aibu kwamba kuna nchi zinazotoa mamilioni ya dolari kwa utafiti wa kushona mikono na nyuso za watu wachache, na hapa kwetu mtoto aliyeungua kwa mafuta ya moto anakosa hata feza ya bandeji.

Tumesoma, tumeuliza wanganga, tumeomba, tumebishana. Haya ndiyo tuliyoyaona.

1. NI JAMBO LA KWELI, NA LINA BEI YAKE

Ndiyo, ni kweli. Katika mwezi wa tisa wa mwaka 1998, mjini Lyon, Ufaransa, wanganga walioongozwa na Profesa Jean-Michel Dubernard walimshonea mtu mmoja wa New Zealand mkono wa mtu aliyekufa. Mwaka 2005, mjini Amiens, katika nchi ile ile, Profesa Bernard Devauchelle na Dubernard pamoja na wenzao walimpa mama mmoja, Isabelle Dinoire, pua, midomo na kidevu, sababu mbwa alikuwa amemharibu uso. Tena si kazi ya Wazungu wa Ulaya peke yao. Katika mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 2014, kwenye Hospitali ya Tygerberg, Afrika ya Kusini, wanganga wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walimrudishia kijana wa miaka 21 kiungo cha uanaume alichopoteza kwa sababu ya kutahiriwa vibaya.

Kazi yenyewe ni ndefu. Mifupa inaungwa kwa vyuma. Mishipa ya damu inashonwa mmoja mmoja. Mishipa ya fahamu inaunganishwa, halafu inakua polepole, kama milimita moja kwa siku, mpaka ifike kwenye vidole. Mgonjwa anafanya mazoezi kwa miaka.

Lakini wanganga walitueleza kwamba shida kubwa si kushona. Mwili wa kila mtu una walinzi wake. Walinzi hao wanaujua mwili wao, na kitu kigeni kikiingia wanakipiga vita, hata kama ni mkono mzuri uliokuja kusaidia. Kwa hiyo mgonjwa anakunywa dawa za kuwatuliza walinzi, kila siku, mpaka kufa kwake. Na walinzi wakitulia, magonjwa mengine yanapata mlango. Dawa hizo zinaweza kuharibu figo na kuleta kansa. Yule mtu wa New Zealand aliacha kunywa dawa zake inavyopaswa, mwili ukaukataa mkono, na mwanzoni mwa 2001 wanganga wa London wakaukata tena kwa ombi lake mwenyewe. Mama Dinoire aliishi na uso wake mpya zaidi ya miaka kumi, akala na kusema na kutoka nje mbele ya watu, kisha akafa kwa kansa katika 2016.

Ndiyo sababu utafiti unaendelea. Wanataka kuujua mwili zaidi, ili siku moja uweze kupokea kiungo cha mwenzake kwa dawa chache ao bila dawa.

2. JE, NI CHUKIZO KUVAA MKONO WA MAITI?

Hatuwacheki wale wanaoogopa. Sisi watoto wa Katanga tulikua tukisikia hadithi za batumbula, watu wa usiku wanaokamata Waafrika na kuwapeleka kusikojulikana. Hadithi hizo hazikuota bila mbegu. Kongo yote inajua mkono uliokatwa ni nini. Wakati wa mfalme Leopold wa Pili, askari walikata mikono ya watu ili kuonyesha wakubwa wao kwamba risasi hazikupotea bure. Katika 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba anayeitwa Nsala, ameketi, anautazama mkono na mguu wa binti yake mdogo mbele yake. Picha ile ilizunguka dunia. Basi mtu wa Kongo akisikia kwamba mkono umetolewa kwa mmoja na kupewa mwingine, moyo wake unauliza kwanza: ulitolewa namna gani?

Na hilo ndilo swali la haki. Wakristo wa zamani wa Ulaya walikuwa na hadithi juu ya watakatifu Kosma na Damiano, wanganga wawili waliotibu bila kupokea malipo. Shemasi mmoja wa Roma alikuwa na mguu unaooza. Usiku akiwa amelala, watakatifu wakaja, wakaukata, wakaenda kwenye makaburi, wakatoa mguu wa mtu mweusi aliyezikwa karibuni, wakamwekea shemasi. Asubuhi akaamka mzima, mguu mmoja mweupe, mguu mmoja mweusi. Hadithi hiyo imechorwa mara nyingi katika makanisa ya kule. Sisi nasi ni mashemasi, na tuliposikia habari hiyo tulifurahi juu ya mwenzetu. Lakini kisha tukauliza: na yule mtu mweusi, jina lake ni nani? Nani aliomba ruhusa kwa mama yake? Katika hadithi hakuna anayeuliza.

Basi tunaona hivi. Kiungo kilichonyang'anywa ni laana, hata kama kimeponya. Kiungo kilichonunuliwa kwa mtu mwenye njaa kinafanana na kilichonyang'anywa. Lakini kiungo kilichotolewa kwa hiari, na mtu mwenyewe akiwa hai ao na jamaa yake wakikubali, ni zawadi. Mungu aliyeuumba mwili wa udongo hatashindwa kuukusanya siku ya ufufuo. Kuna watu wetu walioliwa na moto, waliozama katika Lualaba, waliofunikwa na udongo wa karieri na hawakuonekana tena. Je, hao hawatafufuka? Kama Bwana anaweza kuwapata hao, anaweza kumpata na aliyezikwa bila mkono.

Tena tukumbuke usiku wa Getsemane. Petro alikata sikio la mtumishi wa kuhani mkuu, na Bwana akaligusa akaliponya, ingawa mtu yule alikuja kumkamata. Kurudisha kiungo kwa mtu aliyekipoteza si kazi ya shetani.

3. FEZA ZA UTAFITI

Sasa tufike kwenye hasira yetu. Katika mwaka 2012 Bunge la Marekani lilitenga dolari milioni 15 kuanzisha programu ya utafiti wa upandikizaji wa mikono, nyuso na viungo vingine vya namna hiyo, chini ya wizara yao ya ulinzi. Tulipolisikia hilo tulisema: « Dolari milioni 15! Zingejenga vituo vya afya vingapi? » Na swali hilo si baya.

Lakini mmoja wetu aliuliza swali la pili: kwa nini wizara ya ulinzi, si wizara ya afya? Jibu liko wazi. Vijana wao walirudi kutoka vita vya Irak na Afganistani bila mikono, bila miguu, bila nyuso. Taifa likasema: hawa walijeruhiwa wakitutumikia, tuna deni nao. Hatuandiki hapa kama vita vile vilikuwa vya haki ao hapana. Tunaandika juu ya namna walivyowatazama majeruhi wao. Hawakusema « maskini hawa, tuwape kitu kidogo ». Walisema wanadaiwa, na mwenye kudaiwa hutafuta feza.

Tena maarifa yaliyotafutwa kwa ajili ya mmoja hayabaki kwa mmoja. Wakati wa vita vya pili vya dunia, munganga Joseph Murray alitibu askari wa Marekani walioungua. Aliona ngozi ya mtu mwingine ikikubaliwa siku chache, kisha ikikataliwa, akaanza kujiuliza sababu. Katika 1954, mjini Boston, yeye na wenzake walipandikiza figo kutoka kwa pacha mmoja mpaka kwa pacha mwenzake, na ikafanya kazi. Katika 1990 alipewa Tuzo ya Nobel. Katika mwezi wa kumi na moja wa 2017 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza ndani ya Tanzania. Katika 2023 ikawa zamu ya Mulago, kule Uganda. Swali la munganga mmoja mbele ya askari walioungua limefika mpaka kwa jirani zetu.

Vilevile munganga Archibald McIndoe, aliyetengeneza nyuso za marubani wa Uingereza walioungua katika vita ile, alikuja Afrika ya Mashariki, na katika 1957 yeye, Michael Wood na Tom Rees walianzisha huduma ya wanganga wanaoruka kwa ndege kwenda vijijini, ambayo leo inajulikana kwa jina la AMREF. Wote watatu walikuwa mafundi wa kutengeneza miili iliyoharibika.

Kwa hiyo hatuwezi kusema tena kwamba feza za utafiti zimeibwa katika mfuko wetu. Anayetafuta njia ya kurudisha mkono wa mtu mmoja hatendi dhambi, hata kama watu wengine bado wanakosa bandeji. Mkono wa mtu ni kitu kikubwa. Sisi tunaoujua udongo huu, tunaoshika nyundo na jembe na mtoto kwa mkono mmoja ule ule, hatuwezi kuudharau.

Lakini swali linabaki, nalo ni zito zaidi kuliko lile la hasira. Kidonda cha nani kinatafutiwa feza? Tumeona: ni kidonda cha mtu ambaye kuna wengine wanaosema juu yake, « Huyu aliumia kwa ajili yetu ». Marekani walisema hivyo juu ya askari wao. Wanganga wa Afrika ya Kusini waliwatazama vijana wa nchi yao walioharibiwa katika kutahiriwa, wakaona ni kazi yao. Hapa Kongo, Dokta Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi katika Bukavu mwaka 1999, akawashonea wamama walioharibiwa na vita mpaka dunia ikaja kujifunza kwake, na katika 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yeye hakungoja Lyon wala Boston. Alikitazama kidonda kilichokuwa mbele ya mlango wake.

Sasa sisi wa Lualaba. Ni nani anayesema juu ya mchimbaji aliyepondeka, « Huyu aliumia kwa ajili yetu »?

4. DENI LA LUALABA

Tuhesabu. Tarehe 27 ya mwezi wa sita 2019, karieri ilianguka hapa karibu na Kolwezi, na kwa hesabu iliyotolewa na wakuu wa jimbo watu 43 walikufa. Mwezi wa pili wa mwaka ule ule, kamio iliyobeba asidi ilianguka kijijini Kabwe, kwenye barabara ya kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Watu wasiopungua 18 walikufa, na wengine walibaki na vidonda vya kuungua. Wafu tuliwalia, na ilifaa. Waliobaki hai na ngozi iliyoungua, na vidole vilivyoshikamana, nani anajua leo wako wapi?

Asidi ile ni ya kusafishia shaba na kobalti. Kobalti ya nchi yetu ni zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani kote, na inaingia katika betri za simu na za mitoka. Na kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kobalti ikichanganywa na kromu inatoa chuma kigumu kisichoshika kutu, na wanganga wanakitumia kutengeneza nyonga na magoti bandia. Wazee wa nchi za mbali, waliokuwa hawatembei, wanatembea juu ya chuma hicho. Metali ya namna ile inayotoka chini ya miguu yetu imekwisha kuingia katika mifupa ya watu. Tuwaonee wivu? Hapana, na watembee. Lakini aliyepoteza mkono akiichimba, naye ni kiungo cha mwili ule ule wa wanadamu.

Basi mwenye kudaiwa ni nani? Tunaona wadaiwa wanne.

Wa kwanza ni wanaonunua na kutumia, na kampani zinazouza. Wa pili ni serikali. Sheria ya madini iliyotengenezwa upya katika 2018 inasema kampani ya machimbo itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu, na sehemu ya ushuru wa madini irudi mpaka kwa jimbo na kwa miji na vijiji vyenyewe. Feza hizo zinajenga shule na visima, nasi tunashukuru. Lakini katika mikutano ya kupanga miradi hiyo hatujasikia mtu akisimama kusema: tuweke fundi wa miguu bandia, tumpeleke munganga kijana akajifunze kupandikiza ngozi. Hatujasikia, sababu na sisi wenyewe hatukusimama.

Wa tatu ni sisi majirani, tunaokula sokoni feza inayotoka karieri.

Na wa nne, ndugu wapendwa, ni Kanisa. Hapa tuandike kwa aibu. Tulipokuwa tunabishana kama tumsaidie ndugu yetu ao hapana, mama mmoja mzee alituomba tufungue daftari la fungu la kumi. Tukafungua. Jina lake liko pale, mwezi kwa mwezi, miaka. Mabati yaliyo juu ya vichwa vyetu yamelipwa kwa sehemu na mkono ule uliokatwa. Hatukuuliza wakati ule feza ilitoka katika shimo la namna gani, kama kamba ilikuwa nzima, kama alikuwa na kofia ya chuma. Tulibariki, tukapokea, tukaandika. Na alipokuja bila mkono tulikaa kuhukumu kama anastahili sadaka. Mama yule alisema neno moja tu: « Wanangu, hamumpi, mnamrudishia. »

Tangu siku ile mabishano yetu yalibadilika. Sadaka ni neno la anayetoa. Akitaka anatoa, asipotaka hatoi, na anayepokea anainamisha kichwa. Deni ni neno lingine. Anayedaiwa ndiye anayeinamisha kichwa. Mfalme Daudi alipomtafuta Mefiboshethi, mlemavu wa miguu yote miwili, hakumtafuta ili ampe makombo. Alikuwa na agano na baba yake Yonathani, na kwa sababu ya agano lile akamkalisha mezani pake kila siku.

5. IMANI, NA JIBU TULILOMPA

Kwa wale wanaosema angoje maombi: sisi ni Kanisa la maombi, na tumeona mengi. Hatutaacha kuomba. Lakini mtu mwenye mkono uliopooza, Bwana alimwita asimame katikati ya watu wote, hakumficha nyuma. Sisi tumewaficha. Tuna watu walioungua wanaoketi karibu na mlango wapate kutoka upesi. Kama hatuwezi kumkalisha mgonjwa katikati, tusimwambie yeye kwamba amekosa imani.

Kwa wale waliosema tuchange, aende: tulimweleza ndugu yetu ukweli, mbele ya mke wake. Kwanza, nauli na kushona ni mwanzo tu. Kuna dawa za kila siku mpaka kufa, na wanganga wa kumtazama kila mara. Katika Kapata, penye malaria na kifua kikuu, kutuliza walinzi wa mwili bila munganga karibu ni kumtuma mtu kaburini na mkono mzuri. Msamaria mwema hakulipa dinari mbili tu akaondoka. Aliahidi kulipa na kile kitakachozidi, wakati atakaporudi. Anayeanza kumponya mtu na hawezi kulipa kinachozidi, asianze kwa majivuno. Tulimwambia: « Yaya, tusikudanganye. Hatuwezi. » Alilia. Na sisi tulilia.

Kisha tulimwambia tunachoweza. Tumeanza kisanduku cha pili, karibu na kile cha sadaka, na juu yake tumeandika neno moja: DENI. Si kwa ajili yake tu. Ni kwa ajili ya kila aliyeumia akifanya kazi, awe wa Kanisa letu ao hapana. Kinalipa masomo ya watoto wake mwaka huu. Kitalipa mkono bandia, na hata kama ni wa kushikia tu, ni msaada. Kwa walioungua tumejua jambo linalofaa lisikike: kupandikiza ngozi ya mtu iliyotoka katika paja lake mwenyewe hakudai dawa za maisha yote, sababu mwili unaijua ngozi yake. Kidole kilichoshikamana kinaweza kufunguliwa. Kazi hiyo haihitaji Lyon, inahitaji munganga aliyefundishwa na watu wa kulipa. Tena tumeandika barua kwa wakuu wa mtaa, tukiomba majeruhi wa karieri wakumbukwe wanapopanga miradi ile ya asilimia 0.3. Hatujajibiwa. Tutaandika tena.

Hatuwaambii kwamba ndugu yetu ameridhika. Hakuridhika. Alituambia: « Nawashukuru, wababa, lakini mkono ni mkono. » Ana haki. Kwa hiyo tunawaombea na wale wanaotafiti katika maabara za mbali, ambao hawatajua jina la Kapata. Kazi yao ifanikiwe, ifike siku moja mpaka hapa kama figo ilivyofika Muhimbili. Labda itakuwa kwa mjukuu wake.

Neno la mwisho ni dogo, na halina bei. Kwetu mtu hasalimii kwa mkono wa kushoto, ni dharau. Ndugu yetu hana mwingine. Tumeona watoto wakirudisha mikono yao nyuma, na watu wazima wakigeuza macho. Yeye naye ameanza kufika ibada ikiwa imekwisha kuanza, ili asisalimiane na mtu. Sisi mashemasi tumekubaliana, na tunawaomba ninyi wote: akikunyoshea mkono wa kushoto, upokee kwa mikono yako yote miwili. Wafundisheni na watoto. Deni kubwa hatujalimaliza, na hatujui kama tutalimaliza. Lakini hili tunaweza kulianza Jumapili hii, mlangoni.

Bwana aliyenyosha mikono yake kwa ajili yetu awabariki. Amina.

Shemasi, kwa niaba ya mashemasi wote wa Kanisa, Kapata